Uliza Muuguzi: Mama anataka kwenda Arua, ndugu wanakataa

*Asalaam aleikum mama muuguzi. Ninakuandikia kutoka Bombo, karibu na Kampala. Mama yetu ana miaka 78. Ana presha, na goti la kulia linamsumbua kwa muda mrefu. Dada yake mkubwa yuko Arua, ni mgonjwa, na mama anataka kwenda kumwona. Kaka zangu wawili wamekataa katakata. Wanasema basi litamuua, bora wazungumze kwa simu ya video. Ni kweli mara ya mwisho alifika miguu imevimba hata viatu havimwingii, na baadaye tukajua kwamba hakuwa amekunywa maji tangu usiku wa kuamkia safari, kwa kuogopa mambo ya choo. Mimi nataka aende, ila naogopa kulaumiwa likitokea la kutokea. Nifanyeje? — Binti, Bombo*

Waleikum salaam, mwanangu. Mpelekeni.

Barua yako imeniambia kaka zako wanasema nini na wewe unaogopa nini. Haikuniambia mama mwenyewe alijibu nini alipoletewa habari ya simu ya video. Kaeni naye mumuulize, na mumwache amalize kusema. Mtu mzima ambaye dada yake anaumwa hajadiliwi na watoto wake kama mzigo unaotafutiwa gari. Simu haimshiki mgonjwa mkono, na radhi za ndugu waliozaliwa tumbo moja huombwa uso kwa uso.

Nilifanya kazi wodi ya mifupa mpaka nikastaafu, na wazee waliozuiwa safari kwa kisingizio cha usalama niliwaona wengi. Wanaambiwa wakae, nao wanakaa. Mapaja yanaisha nguvu, goti linakakamaa, na baada ya muda hata msikiti wa jirani unakuwa mbali. Hatari ya basi kila mtu anaiona. Hatari ya kiti cha sebuleni haionekani kwa sababu haina kelele. Hilo linaniuma sana, na kaka zako wanapaswa kulisikia.

Lakini hofu yao si ya bure, kwa hiyo tuitazame safari yenyewe. Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, siku nzima barabarani. Miguu kuvimba na kukaa na kiu mara ile ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, nami nitaanza na maji kwa sababu hapo ndipo akina mama wengi wanapoumia.

Mama yako hakukosa akili alipoacha kunywa. Basi linaposimama Migyera, Kafu au Bweyale, wanaume wanashuka, wanageukia kichakani, wanarudi. Mama mwenye goti bovu ashuke ngazi, avuke barabara, atafute choo chenye foleni ambacho ni cha kuchuchumaa, huku konda anapiga ubavu wa basi akiita twende. Angefanya nini? Kwa hiyo asilaumiwe, apangiwe. Kabla injini haijawashwa, mtu wa nyumbani azungumze na dereva na konda kwa heshima: nina mama mzee, ana goti, mkisimama naomba mtungoje. Madereva wengi wana mama zao na watakubali, shida huwa hakuna aliyewaambia mapema. Famasi wanauza pedi za watu wazima. Avae moja kwa ajili ya utulivu wa moyo tu, na muweke leso ya ziada na sabuni kwenye mkoba. Halafu anywe maji kidogo kidogo njia nzima. Mzee asipokunywa, presha inaweza kushuka ghafla anaposimama, akapata kizunguzungu pale pale kwenye ngazi ya basi.

Uliza pia kliniki kama kati ya vidonge vyake vya presha kimo kinachokojosha. Kama kimo, muuguzi au daktari atawaambia siku ya safari akimeze saa ngapi. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, wala ninyi msimwachishe. Dawa zote na kile kitabu chake cha kliniki zikae kwenye mkoba ulio mapajani. Begi la kwenye buti linaweza kushushwa Nebbi na mtu mwingine.

Sasa miguu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kuhusu safari ndefu: ukikaa bila kujongea kwa saa 4 au zaidi, iwe ni ndege, basi, treni au gari dogo, uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu unakaribia kuwa mara mbili. Hata hivyo bado ni mdogo, kama mtu 1 katika watu 6,000 kwa wenye afya njema. Kwa mtu mwenye umri mkubwa unapanda kiasi, ndiyo maana hatumwachi akae kama gunia. Kila baada ya nusu saa hivi anyanyue visigino huku vidole vikigusa sakafu, kisha anyanyue vidole huku visigino vikigusa, mpaka ahisi vigimbi vimefanya kazi. Kila basi linaposimama, ashuke hata kama haendi chooni. Asipewe aspirini kwa kuwa jirani amesema inayeyusha damu. Kama amewahi kuganda damu, ana moyo mgonjwa, au amefanyiwa upasuaji hivi karibuni, daktari amwone kabla ya tiketi kukatwa.

Miguu yote miwili ikivimba sawasawa na ikapungua baada ya kulala imeinuliwa juu ya mto, hilo ni la kawaida, na baadhi ya dawa za presha kama amlodipini zenyewe huvimbisha vifundo. Ninachotaka mkishike ni hiki: mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, kigimbi kikauma na kuwa cha moto, au akabanwa pumzi na kifua kikachoma, hata ikiwa ni siku kadhaa baada ya kufika, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu kiti. Msimpandishe basi njiani hapo Bombo, ingawa linapita mlangoni kwenu. Najua kurudi Kampala ili uje kupita tena nyumbani kwako inaonekana kupoteza muda. Lakini basi la barabarani halisimami sawasawa, viti vizuri vimeshachukuliwa, na mzee anapandishwa kwa kusukumwa. Kule linakoanzia limetulia, atapanda kwa nafasi yake. Chagueni kiti cha mbele au cha katikati, kamwe si cha nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa maana kila tuta litamrusha. Kwa kuwa goti bovu ni la kulia, akae safu ya upande wa mlango, kiti kinachogusa njia ya katikati. Hapo mguu wa kulia ataunyoosha kwenye njia watu wanapokuwa wametulia. Na liwe basi la mchana. Usiku hakuna choo kilicho wazi, na malori mabovu yanaachwa barabarani bila taa.

Ngazi ya kwanza ya basi ni ndefu mno kwa goti kama lile. Chukueni kigoda kifupi kigumu, kile cha jikoni, mkiweke chini ya ngazi. Mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mgonjwa unatangulia kushuka. Mfundishe hivyo nyumbani kwenye ngazi ya baraza mpaka asihitaji kufikiri. Anayemsaidia asimvute kwapani wala asimshike kiganja. Ampe mkono uliokunjwa kwenye kiwiko, mgumu kama reli ya ngazi, mama ndiye ashike na kujivuta mwenyewe. Ukimvuta kwapani unamwondolea mizani na bega linateguka. Akina konda wetu wana moyo wa kusaidia lakini wanavuta, kwa hiyo ninyi muwe karibu.

Mkiwa na ndugu Bweyale au karibu na Karuma, lala huko usiku mmoja. Karuma ni kama nusu ya njia. Siku moja kabla, piga simu kwa kampuni ya basi uulize njia. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa miezi kadhaa kwa matengenezo na mabasi yakazungushwa, na mzee akiambiwa safari ni ya muda wa saa nane, ikawa ya muda wa saa kumi na mbili, anachoka roho kabla ya mwili.

Lawama unayoiogopa, igawe. Kaka mmoja amsindikize mama, mwingine alipe kiti cha pili pembeni yake ili asibanwe. Mtu akishika kazi katika safari hana tena nafasi ya kukaa pembeni akingoja kusema nilisema.

*Mama muuguzi, mimi ni mzee wa Jinja. Mjukuu aliniletea mkongojo mzuri wa mbao. Goti linaloniuma ni la kushoto na mkongojo naushika mkono wa kushoto. Sasa bega nalo limeanza kuuma, na goti halijapata nafuu. Nimeacha hata kwenda sokoni. Je, mkongojo ni mbovu? — Mzee, Jinja*

Mzee wangu, heshima yako. Hamisha mkono leo hii. Mkongojo unashikwa upande wa mguu mzima, kwako ni mkono wa kulia. Watu wengi hawaamini mpaka wajaribu. Tazama mtu anavyotembea: mguu wa kushoto ukienda mbele, mkono wa kulia nao unaenda mbele. Kwa hiyo mkongojo wa kulia unatua chini pamoja na mguu mgonjwa, na uzito unagawanyika kati ya viwili hivyo. Ukiushika upande wa maumivu, mwili wote unaegemea upande huo huo, goti linabeba lile lile na bega linaongezewa.

Halafu urefu. Nadhani wako ni mrefu kupita kiasi, kwa sababu bega linalouma kwa kawaida ni bega lililosukumwa juu. Vaa viatu unavyotembelea, simama wima, mikono ining'inie. Mjukuu ageuze mkongojo, mshikio uwe chini sakafuni, aweke alama pale unapofika kwenye mkunjo wa kiganja na mkono, ile mikunjo ambayo saa hukaa juu yake. Akate hapo. Ukiushika tena kawaida, kiwiko chako kitakuwa kimepinda kidogo tu. Akate mjukuu, si wewe uliyesimama ukiinama kupima, maana ukiinama vipimo vinadanganya.

Mti mtupu unateleza kwenye vigae vya benki na hospitali, na kwenye udongo mwekundu mvua inaponyesha. Kama huna kile kifuniko cha mpira cha dukani, fundi viatu atakutengenezea kwa mpira wa tairi na gundi. Ukilika mpaka uwe laini, mwambie abadilishe.

Na sokoni rudi. Anza kwa kwenda asubuhi kabla jua halijawa kali, fika nusu ya njia, kaa kwa mtu unayemjua, rudi. Nyumbani, kaa kwenye kiti kigumu kisichoyumba, simama bila kujisukuma kwa mikono, kaa tena polepole. Fanya hivyo mara chache asubuhi na jioni. Zoezi hilo linajenga mapaja, na mapaja ndiyo yanayolibeba goti. Ukiona goti linavimba, lina joto, au linakuachia ghafla ukiwa umesimama, hospitali ya rufaa hapo Jinja waone wataalamu wa viungo.

*Nina miaka 69, naishi Kisenyi, Kampala. Binti yangu ameolewa Dar es Salaam na amenitumia tiketi ya ndege. Sijawahi kuchanja homa ya manjano. Rafiki zangu wanasema Nairobi nilikwenda na kitambulisho tu, kwa hiyo na Dar ni hivyo hivyo. Pia naogopa kutembea mwendo mrefu uwanjani. — Baba wa bi harusi*

Baba, hongera. Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Kenya na Rwanda tangu 2014, lakini Tanzania haikuingia katika mpango huo. Shughulikia pasipoti.

Chanjo ndiyo inayonifanya nikujibu haraka. Tanzania huwadai cheti cha homa ya manjano wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Uganda ni mojawapo. Kwa kijana ningesema nenda kachanje. Kwa mtu aliyevuka 60 na hajawahi kuchanjwa kabisa, chanjo hii ina hatari kubwa kidogo ya madhara mabaya, ambayo ni nadra lakini yapo, kwa kuwa ndani yake kuna kirusi hai kilichodhoofishwa. Kwa hiyo usiende tu kudungwa mlangoni kwa haraka. Mwone daktari, umweleze magonjwa yako na dawa zako zote, hasa zinazopunguza kinga ya mwili, apime mwenyewe faida na hatari. Akiona haikufai, anaweza kukuandikia cheti rasmi cha kutochanjwa. Ulizeni mapema kama huko mnakokwenda watakikubali. Akiona unafaa, chanja siku 10 au zaidi kabla ya safari, kwa maana cheti hakianzi kazi kabla ya hapo. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kitunze pamoja na pasipoti.

Kiti cha magurudumu pale Entebbe usikionee haya. Binti aliyekata tiketi apige simu kwa shirika la ndege, angalau siku mbili kabla, aseme baba anahitaji msaada wa kiti. Hulipii. Aseme pia kama unaweza kupanda ngazi za ndege au huwezi, kwa sababu wanaandaa tofauti. Kiti hicho kinakupeleka mpaka mlango wa ndege, na Dar watakupokea na kingine.

*Mimi ni kijana wa boda, steji yangu iko Iganga. Siku ya pesa za wazee nabeba mabibi wengi. Wanakaa upande kwa sababu ya gomesi, lile vazi refu la akina mama, na mmoja alikaribia kuanguka kwenye tuta. Naomba unifundishe namna ya kuwabeba. — Mwenye boda, Iganga*

Mwanangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote za mwezi huu. Wateja wako ni watu wenye umri mkubwa sana, kwa kuwa hao ndio wanaopewa zile pesa za wazee za serikali, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo kuna wengi hawarudi kutembea.

Usiwapandishie barabarani. Sogeza pikipiki kando ya baraza au ngazi ya duka ili bibi apande kutoka juu. Zima injini, miguu yako yote miwili iwe chini, usitegemee stendi. Apandie upande wa kushoto. Bomba la moshi kwa pikipiki nyingi za hapa liko kulia, na likimgusa mguu linaunguza. Mwenye kisukari huenda asihisi, ukamwona jioni ana kidonda ambacho hakitapona kwa wepesi. Kama una fundi karibu, akuwekee wavu juu ya bomba hilo.

Kukaa upande ni hatari, na tuta ndilo linalomtupa. Zungumza na mabibi wako, au na mabinti zao, siku nyingine isiyo ya haraka. Suruali nyepesi au taiti ndani ya gomesi inamwezesha kukaa akitazama mbele kwa stara yake yote, na wengi wakiona mwenzao amefanya watafanya. Asiyekubali, usimlazimishe. Mwekee miguu yote miwili mahali pa kukanyagia, ashike kiunoni mwako kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, nawe uende mwendo wa mtu anayekimbia, tuta ulipande ukiwa karibu umesimama. Helmeti ya pili nunua, uifute kwa kitambaa safi mbele yake kabla ya kumpa, maana wengi wanakataa kwa sababu ya uchafu tu. Usibebe wawili. Fimbo yake ifunge wima ubavuni, usiache aibebe mapajani ikitokeza pande zote mbili.

Mpango wa pesa hizo unaruhusu mzee asiyejiweza kuandikisha mtu wa kumpokelea. Yule aliyedhoofika kabisa, ambaye hata kushikilia hawezi, waambie watoto wake waende kwa afisa wa serikali wa parokia waulize. Lakini usiwe wewe wa kuwaambia mabibi wengine wabaki nyumbani. Siku hiyo wanakutana na wenzao wa rika lao, wanauliza nani yuko, nani ameondoka, wananunua sukari kwa mkono wao. Kama foleni ni ndefu, patana nao saa ya kuwarudisha, na uje kwa saa hiyo.